Si ya Chai

Usiku wa tatu maji yalikatika Pipeline,
si ajabu; mitungi ilipangwa ngazini hadi ghorofa ya sita.
Ila kwangu kulikuwa na mafuriko.
Kifua kimejaa, kigumu kama jiwe la kusagia,
na Mumo, siku tatu tu duniani,
anafunua kinywa, anakosa, anakunja ngumi,
analia kilio cha mtu aliyetapeliwa.

Mama mkwe alikuwa amepiga simu kutoka Mwingi:
"Yale ya njano usimpe. Kamua, mwaga, ngoja meupe."
Nami nikamwaga, Mungu anisamehe,
kwenye karai la nepi, matone mazito kama kiini cha yai.
Kisha nikahesabu sarafu: kopo la maziwa ya unga,
na maji ya kuyakorogea, shilingi hamsini mtungi.

Mlango ukagongwa. Nikadhani ni lawama.
Kumbe ni Kerubo wa ghorofa ya nne, muuza mayai,
tochi ya simu kaibana kwa meno,
maji yake mwenyewe kaja nayo kwa chupa;
akanawa hadi viwiko.
Hakusema pole. Alisema, "Keti. Egemea.
Legeza mabega, huu si mtihani."

Kitambaa cha vuguvugu. Kiganja chake, taratibu,
kutoka kwapani kuja mbele,
kama anayekanda unga wa chapati za wageni.
Tone. Tone. Mara mrija mwembamba ukaruka, ukampiga shavuni,
tukacheka, saa tisa za usiku,
mimi huku nalia.

"Usipeleke titi kwa mtoto. Mlete mtoto kwa titi.
Tumbo kwa tumbo. Pua itazame chuchu.
Ngoja apanue kama kiboko... sasa!"
Na Mumo akashika,
si ncha tu, bali duara jeusi karibu lote,
mdomo wa chini umepinduka nje,
na chumba kikanyamaza hadi nikamsikia
akimeza.

"Yale ya njano," nikaungama, "niliyamwaga."
"Ni dang'a ile. Hata ndama hanyimwi."
Akakikunja kitambaa, mara mbili, mara nne.
"Wangu wa kwanza nilimpa maji ya sukari siku nane."
Hakumalizia.
Sikumuuliza ana watoto wangapi.

*

Mwezi wa nne nikarudi kazini, Barabara ya Enterprise,
kushona sare za shule za watoto wa wengine.
Nilikamulia chooni, mguu mmoja umezuia mlango,
kwenye kikombe cha kifuniko cha buluu,
nikakificha ndani ya friji ya ofisi, nyuma ya soda.
Jumanne moja msimamizi, Bwana Shitanda, akakikuta,
akaitilia chai yake, akaonja, akasifu:
"Leo maziwa yana utamu. Nani kaleta?"
Cherehani arobaini zikasimama.
Nikainua mkono.
"Ni ya Mumo, bwana."

Hakunifuta. Siku mbili hakunitazama usoni.
Ya tatu, stoo ya vitambaa ikapata kitasa,
kiti chenye mgongo, pazia la kaki iliyokataliwa na shule fulani,
na friji ndogo, karatasi imebandikwa, mwandiko wake mwenyewe:
SI YA CHAI.

Sasa tuko watatu mle ndani. Nyaguthii ana pacha,
analia kwamba hayatoshi.
Namwambia, legeza mabega.

*

Mchana Kerubo humnywesha Mumo kwa kikombe,
funda dogo, anapumzika, funda dogo,
na mayai yake yanangoja.

Mama mkwe alikuja Agosti, akampima kwa mikono,
akampandisha, akamshusha, akampandisha tena.
"Mzito huyu! Hata kuhara hajahara? Unampa nini?"

Kerubo akatazama dirishani.
Mimi nikafungua kifungo.